Mtoto wa Umande Aliyezaliwa Safi

Hapo zamani, zamani ambayo ukungu wake haujatawanyika bado, kulikuwa na kijiji cha mlimani kiitwacho Ngondoi. Asubuhi mawingu yalilala mashambani, na mbwa wakapita ndani yake kama wanaoogelea. Mbwa hao ndio waliofukuza nyani kwenye mahindi. Lakini watoto wa mbwa hao wakaanza kuota meno ya kahawia, yanayomeguka kama chaki iliyolowa. Wakashindwa kula, wakakonda, wakafa. Nyani wakashuka.

Akaja Daktari Namkunda, mtafiti wa wanyama. Akawapangusa mbwa ndani ya mashavu kwa pamba, akapeleka mate yao maabara. Miaka sita alipangusa, miaka sita hakuona kitu.

"Nahitaji kujua nani alizaliwa na nani," alisema.

Aliyejua ni Bibi Nakiete, aliyekuwa karibu kupofuka. Akafumba macho, akaanza kutaja: Umande binti wa Kivuli, Kivuli binti wa Ndoto, Ndoto binti wa Mvua... Alitaja siku tatu, vizazi kumi na viwili, sauti yake ikiteremka bondeni taratibu, watu wameacha majembe wanamsikiliza.

Ndipo daktari akaiona kasoro, ndani ya vinasaba. Mbwa mwenye meno mazuri aliweza kuibeba kwa siri. Wabebaji wawili wakizaa, baadhi ya watoto huota meno mabovu. Na mbebaji aliyezaa kuliko wote alikuwa Mawingu, dume la Mzee Senzighe, dume la mwisho katika mbwa wa marehemu baba yake.

"Mzee, naomba tumhasi."

Senzighe alimkumbatia Mawingu shingoni. "Mhasi, mwanangu. Ila usiniite nije kutazama."

Umande, dada yake Mawingu, naye mbebaji, alikuwa mbwa wa kijiji kizima. Wakampandisha kwa dume safi la ng'ambo ya bonde. Akazaa wanne, wote wenye meno meupe. Lakini watatu waliibeba kasoro kwa siri. Mmoja tu, jike dogo la kijivu, hakuwa nayo kabisa.

Wakamtaka wote watatu: Bibi, daktari na Mzee Senzighe.

"Bila kumbukumbu yangu mngekuwa mnapapasa mpaka leo," alisema Bibi Nakiete. "Macho yangu yanazimika. Nipeni niyaguse meno yake kila asubuhi, nijue niliowataja hawakupotea."

"Bibi, shikamoo yako naitoa kwa moyo," alisema daktari, "lakini mimi nimetoa miaka sita. Huko vijiji vya chini watoto wa mbwa wanakufa vilevile. Nikienda naye, uzao wake utawafikia."

Mzee Senzighe alisema polepole: "Bibi ametoa kumbukumbu, na bado anakumbuka. Daktari ametoa elimu, na bado anayo. Nilichotoa mimi hakirudi. Huyu ndiye damu safi pekee ya mbwa wa baba yangu."

Yule mdogo akapiga mwayo, akajikunja katikati yao, akasinzia. Watu wa Ngondoi wakatazamana ndani ya ukungu, asipatikane wa kumwinua.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: mngekuwa pale, mngemweka mikononi mwa nani?