Mgeni Aliyegonga Debe

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mahindi kando ya msitu, na nyani wa msitu ule hawakuwa na haya. Mtu huyo aliitwa Mhando. Mkewe, Mwanaidi, aliwaleta kaka zake walinde, kwa maana shamba lile ndilo lililokuwa chakula chao cha mwaka mzima. Debe la kuonya kwamba nyani wamekuja likigongwa, walikimbia na mikuki. Likinyamaza, walikula na kulala. Shamba likastawi.

Akaja mgeni, mtu laini, nguo zikinuka moshi. Mhando akampenda, akampa kiti chake mwenyewe. Mgeni hakushika jembe wala mkuki. Kazi yake ilikuwa moja: kugonga debe. Akigonga, Mhando aliruka, moyo ukimwenda mbio, na kaka zake Mwanaidi wakatimka hadi msituni. Nyani hakuna. Ndipo mgeni humshika Mhando bega, akamkalisha, akambembeleza mpaka atulie. Punde anagonga tena.

Mgeni akichelewa kuamka, Mhando alihangaika uani, akigomba hata na kuku. Hakutulia mpaka debe lilie kisha abembelezwe. Mwanaidi alimwonyesha kwamba anayemtuliza ndiye anayemshtua. Alisema mpaka mdomo ukamkauka. Mumewe akajibu kwamba bila mgeni yule mashaka ya dunia yangekwisha kumuua. Sikio la kufa halisikii dawa! Mwanaidi akawatazama kaka zake walivyokonda, macho mekundu, akalia kwa hasira.

Basi nyani wakaja kweli, kundi zima, mchana kweupe. Mwanaidi akalinyakua debe, akaligonga kwa nguvu zake zote. Kaka mmoja akainua kichwa, akakilaza tena. Mwingine akainuka akiyumba, akamchoma mkuki mbuzi wa nyumbani. Wengine hawakujigeuza hata ubavu. Mwanaidi akarusha mawe peke yake, na nyani wakala mbele ya macho yake, wakavunja mabua, wakaondoka na mahindi kwapani.

Mhando akaketi katikati ya magunzi. Mkewe akangoja aseme lolote juu ya njaa inayokuja, au juu ya shemeji zake. Mumewe akasema:

"Mgeni wangu yuko wapi? Mwiteni aje anitulize."

Nanyi mnaosema sigara huwaondolea mawazo: hilo debe, nani anawagongea?