Nguchiro na Sheria ya Tumbo

Hapo zamani za kale, na msidhani ni kale sana, kulikuwa na kilima chenye chemchemi kileleni. Maji yake yalikuwa baridi na matamu, ungeyanywa hata bila kiu. Yalitiririka kwenye mfereji mmoja mpaka bondeni, yakaishia dimbwini.

Wanyama wenye madoa walikaa juu, wakanywa chemchemini. Wasio na madoa walikaa chini, wakanywa dimbwini. Kwa nini? Kwa sababu Mzee Chui alisema hivyo, na Chui ana kucha. Alisema madoa ni alama ya damu safi, na asiye na doa akitia mdomo chemchemini, maji yatachafuka.

Na Fisi je? Fisi huyu huyu anayekula mizoga, anayenuka hata akiwa ng'ambo ya mto? Ehe! Fisi ana madoa. Basi Fisi naye ni bwana mkubwa, anakaa juu, anakunja nne. Na Kanga, ndege asiyejua hata kuruka vizuri, kwa vile vidoadoa vyake akapewa ulinzi wa chemchemi, na fimbo juu yake. Mcheke tu, ruksa.

Wa juu walikunywa, kisha wakaoga mferejini, wakafua mferejini, wakaosha vyungu mferejini, na Fisi akafanya mambo mengine ambayo sitayataja kabla hatujala. Yote hayo yakateremka, shwaaa, mpaka dimbwini. Wa chini wakanywa. Wa chini wakaharisha. Na wa juu wakawatazama wakasema, "Mnaona? Matumbo yao hayo! Damu ile ina walakini."

Sasa huko chini aliishi Bi Nguchiro, mdogo, mwepesi, hana doa hata la dawa. Kazi yake ilikuwa kumtekea Chui maji, kumpikia na kumfulia. Na hapo sikieni ujinga wa wakubwa: mdomo wa Nguchiro unachafua maji, lakini mikono yake inasonga ugali wa Chui, na Chui anaula mpaka anaramba vidole! Kila akienda kuteka, sharti Kanga amfunge mdomo kwa ukamba wa mgomba asije akanywa.

"Mitungi mingapi?" Kanga huuliza.

"Mm-mm-mm."

"Saba? Haya, pita! Upesi!"

Nguchiro alikwisha kuzika watoto wawili kwa sababu ya tumbo. Alibaki na Tunu peke yake, na wiki hiyo Tunu naye akaanza. Macho yaliingia ndani, midomo ikakauka, hata kulia akashindwa. Nguchiro alimtazama mwanawe, moyo ukamwaka moto. Akapanda kwa Chui.

"Shikamoo, Mzee."

Chui hakuitikia. Hakuwahi kuitikia shikamoo ya asiye na doa.

"Mzee, mwanangu ananifia. Naomba kata moja tu ya maji ya juu."

"Kata moja!" Fisi akadakia kutoka kwenye mkeka. "Hihihiii! Leo kata, kesho atataka mtungi, keshokutwa atataka nimwoe!"

"Nguchiro," alisema Chui, kwa ile sauti laini ya mtu aliyeshiba, "mimi siwachukii. Tena nawapenda sana watu wa chini. Lakini shida yenu si maji, ni damu. Kumpa mwanao maji yetu ni kuyamwaga bure. Tumbo halidanganyi."

Nguchiro hakulia. Akatabasamu, na mimi ningekuwa Chui ningeliogopa tabasamu lile.

"Kweli kabisa, Mzee. Tumbo halidanganyi. Ndiyo maana sisi huko chini tunashangaa mbona hamjaiweka sheria."

"Sheria gani?"

"Kwamba tumbo ndilo shahidi. Anayeharisha ana damu chafu, ashuke dimbwini. Asiyeharisha ana damu safi, akae juu. Maana, uniwie radhi Mzee, madoa ya siku hizi..." Akamtupia Fisi jicho. "Madoa mengine hata hayaonekani vizuri."

Chui akamgeukia Fisi, akamkagua kuanzia masikio mpaka miguu. Kusema kweli hakuwahi kumpenda.

"Unanitazamia nini?" Fisi akaruka. "Tumbo langu chuma! Mimi natafuna mifupa! Wekeni sheria, wekeni hata leo!"

"Itatangazwa siku ya tatu ya Sikukuu ya Madoa inayoanza kesho, mbele ya wote," alisema Chui. Alifurahi, maana hakuna jambo lililompendeza kama sheria isiyomhusu. "Na wewe Nguchiro, utatutengenezea sharubati ya zambarau siku zote tatu."

"Kwa mikono miwili, Mzee."

Bondeni, Nyati alipopata habari alipiga kwato chini, pu! pu!

"Umetuuza, dada! Wanaoharisha si sisi? Sasa wametufunga kwa sheria!"

"Kaka Nyati, umepewa pembe mbili na shingo nene hivyo, halafu umekaa unaogopa Kanga. Hebu njoo unibebee mitungi."

"Kwenda wapi?"

"Mitungi nitaijaza juu, nitaileta huku, mnywe. Kisha tutaijaza maji ya dimbwi, unisaidie kuipandisha kwa Chui."

Nyati akatupa jicho kilimani. "Wakiniona je?"

"Watakuona unabeba mzigo. Lini wamekuona unafanya jambo jingine?"

Nyati akainamisha shingo. Akabeba.

Na ikawa hivyo. Asubuhi Nguchiro alifungwa mdomo, akahesabiwa mitungi, akateka. Penye njia panda hakukata kwenda kwa Chui, aliteremka. Bondeni wakanywa wote, na Tunu akanyweshwa kijiko kwa kijiko. Kisha mitungi ikajazwa dimbwini, ikapanda na Nyati. Hakuna aliyemwuliza Nyati kitu. Mheshimiwa gani atachungulia mtungi wa mtumishi? Hawakuwahi kuteka maji tangu wazaliwe.

Sharubati ya zambarau, mnaijua, ni nyeusi tii. Ukitia tope hulioni.

"Mmh!" Fisi alisema, anapangusa midomo. "Ya mwaka huu ina uzito!"

"Ina ladha ya kiungwana," alisema Chui. "Ongeza."

"Karibuni, waheshimiwa, karibuni," alisema Nguchiro, na akawajazia.

Siku ya kwanza Tunu alifumbua macho. Siku ya pili akaomba uji. Siku ya tatu akamng'ata mama yake kidole, na Nguchiro akacheka huku machozi yanamtoka.

Huko juu nako, siku ya pili waheshimiwa walianza kuinuka mmoja mmoja. Huyu anasema anakwenda kutafuta mswaki, yule anakwenda kutazama hali ya hewa. Kila mmoja alijua linalomsibu yeye, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Chui alitamani sana kuiahirisha ile sheria. Lakini Fisi angeuliza kwa nini, na Chui angejibu nini?

Siku ya tatu, jua la utosini, wote wakakusanyika, wa juu na wa chini. Chui akapanda jiweni, amebana mkia.

"Ndugu wananchi! Leo natangaza sheria. Tumbo ndilo shahidi wa damu. Anayeharisha..."

Gruuuu!

"Nani huyo?" akauliza Chui kwa ukali. Lilikuwa tumbo lake.

Gruuu! likajibu la Fisi. Kanga akadondosha fimbo, akasema, "Samahani, nina dharura," akatimua mbio, kichakani. Prrrr! Fisi akafuata, lakini hakufika. Watoto wa chini walianguka kwa kicheko. Chui alibaki jiweni, jasho linamtiririka, miguu ameipishanisha.

Nguchiro akasogea mbele, mdogo kama alivyo, amembeba Tunu mgongoni.

"Mzee, tunangoja. Anayeharisha afanye nini?"

"Wewe! Wewe umefanya nini?"

"Mimi? Damu yenu nimeigusa wapi, Mzee?"

"Si damu!" Chui akanguruma, na hapo na yeye yakamshinda, prrrr, mbele ya kadamnasi. "Si damu, mshenzi wewe! Ni maji! Umetunywesha maji ya chini! Nani asiyejua kwamba yale maji yanaharisha?"

Watoto wakaacha kucheka. Hata nzi walitulia.

"Rudia, Mzee," alisema Nguchiro taratibu. "Wa nyuma hawajasikia."

Lakini walikuwa wamesikia. Nyati alikuwa amesikia. Alisimama kinywa wazi, anawakumbuka wote aliowazika.

"Kumbe mlijua," alisema. "Miaka yote hii, mlijua."

Akainamisha pembe, akaanza kupanda kwenda chemchemini. Nyuma yake wakapanda Ngiri, Kuro, Pimbi na wengine wote wasio na doa. Hakuna aliyewazuia. Anayeharisha hana nguvu za kuzuia mtu.

Mnadhani Chui aliona haya? Thubutu! Wiki haikuisha alikuwa kichakani kwake na kamba, anapima mikia, maana sasa eti damu safi hujulikana kwa urefu wa mkia. Na wa kwanza kwenye foleni alikuwa Fisi, anakivuta kile kipisi chake kwa mikono miwili kirefuke.

Nguchiro alipita pale na mtungi wake wa chemchemi. Wakamwita aje apimwe. Alitema mate pembeni, puh, akaenda zake kumwogesha mwanawe.

Hadithi yangu imeishia hapo, na funzo lake ni hili: mtu akikwambia damu yako ni chafu, kwanza mwulize anakunywesha maji gani.