Gari la Senzota

Apakaye hasukumi. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia mumewe jana, mume huyo alipokuwa akimfokea binti yao kuhusu masomo. Nikawaona mnatazamana. Leo mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka mbali, yametoka pale barabarani, na mimi nilikuwapo. Methali hii ilianza hivi.

Zamani barabara yetu ya Usangi ilikuwa ya udongo mwekundu. Ilishuka kutoka zahanati, ikapinda mara moja, kisha ikalala tambarare hadi kwenye kilalo cha mbao, kidaraja cha kuvukia kijito. Jumamosi, tukishakata majani ya ng'ombe, watoto wote tulipanda juu na magari yetu ya miti. Hayakuwa na injini wala pedali. Unakaa, unaachia, mlima unakupeleka. Aliyevuka kilalo bila kusimama, jina lake liliimbwa wiki nzima. Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi lililonyeshewa, nauona utosi wa mwenzangu aliyenitangulia kwenye kona.

Senzota alikuwa rika langu. Maradhi ya utotoni yalimdhoofisha mguu wa kushoto, akawa anatembelea fimbo. Baba yake, mzee Mfinanga, alimpenda mno. Akamchongea gari kubwa kuliko yetu sote, magurudumu manne ya mti mgumu. Lakini lilikuwa zito na lilipiga kelele kama mbuzi aliyefungwa. Likifika kwenye kona, lilisimama. Basi mzee Mfinanga alikuwa akikimbia nyuma yake, kanzu kaikunja kiunoni, anasukuma mpaka chini. Watoto wakamwita Senzota "Bwana Sukumwa." Alicheka nao, ila macho yake hayakucheka.

Jumamosi moja mzee alisukuma kwa nguvu zake zote. Kwenye kona gurudumu moja likang'ang'ania, gari likazunguka, Senzota akatupwa mtaroni. Kiwiko kikachunika.

"Si kitu," mzee alisema akihema huku akimnyanyua. "Wiki ijayo nitamwita na mjomba wako. Tutasukuma wawili."

"Baba, usinisukume tena."

"Sasa utafikaje chini?"

"Sijui. Lakini usinisukume. Nisipofika, nisifike mwenyewe."

Mzee alilibeba gari begani akapanda nalo, na sisi tukafuata.

Nyumbani aliliweka uani, akaling'oa gurudumu lile lililong'ang'ania. Tulichungulia sote. Ekseli, ule mti unaoshika magurudumu, ilikuwa imeungua, nyeusi pale iliposuguana na tundu, na ubavu wa gurudumu ulikuwa umekwaruzwa na bodi. Mzee akaupitisha mkono pale kwenye weusi.

"Kumbe nimekuwa nikishindana na hiki," alisema. Akamtazama mwanawe. "Na wewe ukiwa juu yake."

Akamwambia akae karibu. Wiki ile nzima, jioni, walifanya kazi pamoja. Senzota alizisugua ekseli kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, mpaka zikateleza kidoleni. Mzee akakata vipande vya duara katika kandambili ya ngozi iliyochakaa, akavitia kati ya gurudumu na bodi visigusane. Kwanza walipaka mafuta ya mbarika. Mti ukayanywa yote, kelele zikarudi. Ndipo mama Senzota akaleta mafuta ya kondoo, akayachanganya na masizi ya chungu. Senzota alilizungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Likazunguka, likazunguka, hata mama akasahau ugali jikoni.

Jumamosi ikafika. Mzee Mfinanga alisimama pale juu, mikono kaifumbata mgongoni.

"Niachie mwenyewe, Baba?"

"Achia, mwanangu."

Senzota akaachia. Hatukusikia kitu, ila kokoto tu chini ya magurudumu. Alikata kona, akaingia tambarare, tukaanza kukimbia tukipiga kelele. Mbao za kilalo zikalia chini yake. Akavuka! Akaendelea hata mlango wa nyumba ya kwanza ya ng'ambo, ndipo gari likasimama polepole, naye kakaa wima, hageuki nyuma.

Mzee alishuka kwa miguu, hana haraka. Mjomba, aliyekuwa amekuja tayari kwa kazi, akamuuliza, "Shemeji, leo hukusukuma hata kidogo?"

Mzee akamwonyesha viganja vyake, vyeusi kwa masizi, vinanuka kondoo.

"Nilipaka," akasema. "Apakaye hasukumi."

Tulilichukua neno hilo tukaenda nalo. Akina mama walilitumia kwa wakwe wakali, walimu kwa wazazi wenye fimbo. Barabara sasa ina lami, na magari ya miti hayapo tena. Lakini kila nimwonapo mtu anamsukuma mwanawe huku mtoto analia kama gurudumu kavu, moyo wangu hurudi pale kwenye kona, natamani kumwambia asimame, achutame, atazame ni wapi panapoungua. Apakaye hasukumi.