Simu Ngumu ya Ng'ambo ya Mto

Wapendwa, naomba tuvuke mto kidogo, twende kwa mkulima mmoja wa mpunga. Huko hakuna umeme, na masika yakichachamaa mto unafurika, watu wanakaa wiki nzima bila kuvuka. Mwaka juzi mke wake alishikwa na uchungu siku ya namna hiyo. Simu yao ilikuwa imeingia maji, ikagoma kuwaka, na mtoto wao wa kwanza walimzika bila kumsikia akilia. Nani kati yenu angesahau? Mke alipobeba mimba tena, mkulima aliapa moyoni kwamba safari hii hatakutwa vile.

Akaenda mjini kutafuta simu. Muuzaji akampangia zile za kioo kikubwa, zinazopiga picha mpaka chunusi zihesabike. Akazikataa zote, akaomba beseni la maji.

"Mzee, hapa tunauza simu, hatufui," muuzaji akamwambia.

"Nami nataka itakayotoka kwenye maji ikiwa hai."

Hakutoka dukani mpaka alipopata kitochi kimoja kizito, cha vitufe, kilichozungushiwa mpira. Alikizamisha, akakiangusha sakafuni mara tatu, akakipigia, kikaita. Betri yake, akaambiwa, inakaa siku kumi. Majirani walimcheka kwamba amenunua tofali. Aliwaacha wacheke.

Sasa sikilizeni alichofanya. Alikijaza chaji, akakizima, akakifunga kwenye mfuko wa nailoni na kukitundika kwenye boriti. Kuchaji ilikuwa mpaka uvuke mto, kwenye kibanda cha sola, kwa hiyo aliona kuichezea chaji ni ujinga. Mke wake akamkumbusha kuwa zahanati waliiandika namba hiyo siku ya kliniki, akamsihi awe anaiwasha walau jioni.

"Hii si simu ya salamu," akamjibu. "Hii ni ya siku ile."

Siku ile ikafika. Mto ulimeza majaruba ya mpunga, na uchungu ukaanza asubuhi. Mkulima akashusha simu, akaiwasha, ikawaka palepale. Chaji imejaa. Akaanza kubonyeza namba ya zahanati. Kabla hajamaliza, simu ikalia. Meseji. Ikaingia nyingine, na nyingine, zote za zahanati, zote za wiki hiyohiyo.

"Mto utafurika. Boti inachukua wajawazito Jumanne."

"Tuko ukingoni, tunawasubiri."

Na ya mwisho: "Tumepiga mara saba, hampatikani. Tunaondoka."

Jumanne ilikuwa imeshapita, wapendwa. Lakini mke alikuwa ndani analia, basi mkulima akapiga zahanati. Nesi akamweleza kuwa maji yalipofikia, hakuna boti inayoweza kuvuka tena. Hakukata simu. Kwa saa tano aliwaelekeza mkulima na jirani mmoja wa kike, neno kwa neno, na betri haikuzima. Mtoto alilia. Mama alivuja damu nyingi, akanusurika kwa rehema tu. Yule baba simu ilimtii kwa yote, lakini hakuna kitakachomfutia saa zile tano ambazo mke wake hakupaswa kuzipitia.

Tumlaumu? Mimi nilitaka kumlaumu, nikajiona mwenyewe. Sisi tumejiandaa sana kumpigia Mungu. Biblia zetu zina majalada magumu, maombi ya hatari tunayajua kwa kichwa, tumeyatunza kwa ajili ya siku ya ajali, siku ya daktari kukuita ofisini na kufunga mlango. Lakini Yeye akitaka kutupigia leo, mto ukiwa bado mdogo? Akitaka kukwambia msamehe ndugu yako, rudi nyumbani kwako, acha hiyo chupa, atakupata? Au tumezima, halafu tunajisifu kwamba tunatunza chaji?

Halafu mafuriko yakija tunauliza Mungu alikuwa wapi.

Alikuwa ukingoni. Boti ilikuja, wapendwa, ikasubiri, watu wake wakapiga mara saba. Mimi leo nimeamua, na sitarudi nyuma: sitazima tena. Na wewe uliyekaa hapo, usinitazame mimi. Mara ngapi amekupigia wiki hii?