Sange Aliyeketi Kisogoni kwa Nungunungu

Nibishe hodi?
Bisha.
Nina ngano, nimeifunga kwenye pindo la kanga.
Ifungue tuione.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya tatu ya masika, saa kumi alasiri. Mume wa Sange alikuwa ameketi mlangoni akimenya njugu. Mwiba ukaja, fyuu, ukamchoma. Akafa na njugu mkononi.

Mwiba ulikuwa wa Nungunungu, mlinzi wa mji. Akinusa mwizi, nusa-nusa, hujitikisa, cheke-cheke, na miba huruka, fyuu. Na desturi ya mji ni hii: mlinzi akiwa vitani hupikiwa, vita ikiisha chungu hufunikwa. Basi Nungunungu hakuona sababu ya vita kwisha. Mwizi keshachomwa, yeye bado ananusa, bado anarusha.

Sange, mnyama wa kuenea kiganjani, alibaki na watoto watatu. Alipotoka eda akamwendea.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Hapo kisogoni panakuwasha?"

"Tangu mwaka juzi. Nani atamkuna mwenye miba?"

"Mimi. Sitaki hata kijiko cha uji."

"Mdogo hivyo?"

"Mdogo ndiye apitaye kati ya miba, shemeji."

Akapanda, akaketi, akakuna.

Akaja Kicheche, mwizi wa kuku. Nusa-nusa. Cheke-cheke. Fyuu. Sange anakuna tu. Kicheche akaanguka, mwiba umemsimama ubavuni. Nungunungu akainama kumnusa tena, ili vita iendelee. Pua ikamgusa mwizi, na mwisho wa mwiba ule uliosimama ukamgusa Sange kisogoni. Sange akamuuma mlinzi sikio, ng'wap.

Nungunungu akaketi. Miba yote ikalala.

"Nani kaniuma?"

"Mwiba wako. Umemfikia mwizi, sasa unakuambia yatosha."

"Mwiba una meno?"

"Wako unayo."

Nungunungu akafikiri. "Nilijua tu ni mkali."

Chungu kikafunikwa. Tangu siku hiyo, mwizi asiye na mwiba akija, Sange hukuna. Mwizi mwenye mwiba, Sange huuma. Watoto wake wakarudi kumenya njugu mlangoni.

Waganga wa hospitali husema damu yetu nayo ina walinzi hao, chembe ndogo zirushazo miba, na kila chembe ina Sange wake kisogoni. Akisinzia, mlinzi huuchoma mwili wake mwenyewe.

Fundisho: mdogo asiingilie kazi ya mkubwa. Nungunungu mwenyewe ndiye aliyenituma niwaambie.

Kanga nimeifunga. Mola amrehemu yule mmenya njugu, na wetu waliotangulia, awape mapumziko mema. Amina.