Kikohozi cha Dirisha la Tatu

Mchungaji husikia asiyelia. Ndivyo alivyosema mkuu wa jimbo asubuhi ya leo, alipokuja kutuuliza tunataka tuletewe mchungaji wa namna gani, nanyi wa darasa la kipaimara mkabaki mkitazamana. Sasa mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Haikutoka mbali, wajukuu zangu. Imezaliwa hapa hapa Mbaghani, nami nilikuwepo. Chanzo chake ni hiki.

Wakati huo mchungaji wetu alikuwa Elifuraha Senzighe, mtu mwembamba, mpole wa maneno, ambaye hakuwa na pikipiki wala baiskeli. Milima hii yote aliipanda kwa miguu. Alijua nani ana mgonjwa, nani ana mahindi yaliyooza, nani amegombana na mkwewe.

Alikuwepo pia Mzee Kachenje. Huyu alikuwa mjane, akiishi peke yake juu kule kwenye mteremko. Baraza la wazee lilikuwa limemtenga kwa sababu alipika dengelua, ile pombe ya miwa, akaiuza hata siku ya Ijumaa Kuu. Lakini kutengwa hakukumzuia kuja. Kila Jumapili alikaa nje ya kanisa, kwenye jiwe chini ya dirisha la tatu, akasikiliza ibada yote. Tulimjua kwa kikohozi. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge, na lile vumbi halikumtoka kifuani. Wengine tulikunja nyuso alipokohoa katikati ya sala. Mimi mmojawapo, sitawaficha.

Ikafika siku ya kuweka wakfu kanisa hili. Tulikuwa tumelijenga miaka tisa, tukisali humo humo tangu kuta zilipoinuka, mawe tukiyabeba kichwani kutoka mtoni. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Gari la askofu likakwama huko chini, naye akapanda kwa miguu na viatu mkononi. Hebu fikirini furaha yetu! Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Kwaya tukamaliza wimbo wa kuingilia, askofu akasimama madhabahuni, na Mchungaji Senzighe akatakiwa kuanza.

Hakuanza. Alisimama akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akamgeukia katibu wa baraza, Mzee Nathanaeli Mgonja, aliyekaa benchi la mbele karibu na sisi wanakwaya.

“Kachenje yuko wapi?”

“Kachenje?” Mzee Mgonja akashangaa. “Mchungaji, huyo ametengwa. Hayumo katika hesabu yetu ya leo.”

“Simsikii. Mwaka wa tatu sasa hajakosa Jumapili hata moja.”

“Labda ni mvua. Tafadhali anza, Baba Askofu anangoja.”

Mchungaji akaweka kitabu juu ya madhabahu, akamwendea askofu. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kanisa lilikuwa kimya na sote tulisikia.

“Baba Askofu, naomba ruhusa niende kumtazama mtu mmoja.”

“Sasa hivi? Uniache hapa na watu wote hawa?”

“Hapa tupo wachungaji wawili, Baba. Kule hakuna hata mmoja.”

Askofu akaegemeza fimbo yake madhabahuni. Halafu akasema, “Nenda. Na wenye nguvu wafuatane nawe. Sisi tutaendelea kuomba.”

Mimi nilitoka katika mstari wa kwaya nikawafuata, kwa kuwa kwetu kulikuwa jirani na kwa Kachenje na nilikijua kijia kisichoteleza. Tukafika. Udongo wa mlima ulikuwa umeporomoka ukasukuma ukuta wa nyuma, na nusu ya nyumba ilikuwa chini. Tukaita. Hakuna aliyeitika. Mchungaji akaifunga kanzu yake kiunoni, akapiga magoti kwenye tope na kuanza kufukua kwa mikono. Hakungoja jembe. Hakumtuma mtu.

Tulimkuta ameangukiwa na boriti mapajani, kinywa kimejaa vumbi, sauti imemkauka kabisa. Mzee Mgonja, aliyekuja nyuma yetu akihema, ndiye aliyeiinua boriti ile kwa bega lake. Tukampa Kachenje maji. Akapumua, kisha akanong'ona:

“Sikuita. Nilijua leo ni siku yenu kubwa. Nani angeniulizia mimi?”

“Nimeshindwa kuanza ibada bila wewe,” Mchungaji akamjibu, na machozi yakamtoka waziwazi.

Tulimbeba juu ya kitanda chake mwenyewe, tukaingia naye kwa mlango mkuu. Watu walisimama wote. Mchungaji alitaka kwenda kubadilisha nguo, lakini askofu akamshika mkono na kumwambia abaki vivyo hivyo. Kanisa hili, wajukuu zangu, liliwekwa wakfu saa tisa alasiri na mchungaji mwenye tope hadi magotini. Sijaona siku nyingine ambayo Mbaghani ilisimama wima namna ile.

Mwisho wa ibada Mzee Mgonja alipaswa kusoma shukrani. Karatasi aliikunja akaitia mfukoni.

“Miaka ishirini nimekuwa mzee wa kanisa,” akasema, “nikidhani kazi ya mchungaji ni kuwasikia wanaosema. Leo nimeona mchungaji husikia asiyelia.”

Neno hilo lilishuka mlimani kabla yetu. Sokoni wakalisema, shuleni wakalisema, hata wenyeviti wa vijiji wakaambiwa hivyo walipowasahau wanyonge.

Wala msidhani Mchungaji Senzighe alimfutia Kachenje kosa kwa huruma tu. Alimpandia kila Jumatano kwa miezi saba, wakaongea, wakabishana, wakalima miwa pamoja, wakaiuza ikiwa miwa, si pombe. Ndipo Kachenje akasimama mwenyewe mbele ya usharika, akatubu, akapokelewa mezani pa Bwana.

Basi mkuu wa jimbo akirudi, msimwombe mwenye sauti kubwa wala mwenye gari zuri. Mwambieni sisi watu wa Mbaghani tumewahi kuchungwa, na tunajua kuchungwa ni nini: mchungaji husikia asiyelia.