Bastola ya Baba Mkwe

Haya haiondoi risasi. Mnacheka? Haya, chekeni. Kolumba hapa ameposwa, ana fununu kwamba huyo bwana ana mke mwingine Tunduru, halafu ananiambia, "Bibi, naona haya kumwuliza." Ndipo nikamjibu hivyo. Sasa mnataka kujua haya na risasi vilikutana wapi. Vilikutana Nyarunde, nami nitawaeleza, mradi mtu asinikatize na hizo simu zenu.

Nyarunde palikuwa na kituo cha askari wa wanyamapori, huko huko kwetu Ungoni, ukingoni mwa pori. Fundi wa silaha pale aliitwa Otmar Ngonyani, kijana mpole, mwenye mikono mitulivu. Yeye ndiye aliyeweka sheria ya kidole. Askari akirudi doria alipitia kwanza kwenye pipa la mchanga lililokuwa nje ya karakana. Alielekeza mdomo wa silaha mchangani, akatoa magazini, kile kikasha cha risasi, akavuta chuma cha juu nyuma. Kisha Otmar alitia kidole chake cha mwisho ndani ya chemba, pale risasi inapolala kabla ya kulia. Akikuta patupu alisema, "Nimegusa." Bila neno hilo, hata mkuu wa kituo hakuingia na silaha ndani.

Wenzake walimtania, wakamwita Daktari Kidole. Hakujali. Alijua kwamba bastola hizi hujilisha zenyewe. Ikishapiga moja, inameza nyingine kutoka kwenye magazini. Ukitoa magazini na kuiacha hiyo iliyokwisha kumezwa, umemnyang'anya mtu sahani wakati tonge limeshaingia kinywani.

Otmar alikuwa amemwoa Tasiana, binti wa Mzee Batromeo Gama, askari mkongwe wa kituo cha ng'ambo ya mto. Alimpenda, tena bila kuficha, mpaka wanawake wa kituoni wakawa wanasema Tasiana kamlisha kitu. Na mila mnaijua wenyewe: baba mkwe hatazamwi usoni, haulizwi mara mbili, na miguu yake hairukwi.

Basi asubuhi moja ya manyunyu Mzee Batromeo akatokea, anachechemea, kifundo cha mguu kimevimba. Tasiana alipomwona baba yake alipiga magoti kwenye tope akamwamkia, machozi ya furaha yanamtoka, maana tangu aolewe mzee hakuwahi kuja kumtazama. Akakimbilia nyumbani kumpikia uji wa ulezi. Mzee akalipita pipa la mchanga, askari waliokuwa hapo wasithubutu kumzuia mkwe wa fundi, akaingia karakana, akaketi kwenye kigoda mlangoni, miguu ameinyoosha kizingitini.

"Shikamoo, baba," Otmar akasema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa. Tembo waliingia kwenye mahindi ya watu, nikapiga moja hewani, ikalia vizuri. Ya pili, tik. Nikabonyeza tena, tik! Wale tembo walibaki wananitazama tu."

"Pole sana, baba."

"Magazini hii hapa, nimeshaitoa. Haina kitu."

Otmar akaipokea bastola kwa mikono miwili. Mkono wake, kwa mazoea, ukaenda kwenye chuma cha juu ili akivute atie kidole.

"Unatafuta nini?" mzee akauliza.

"Ni desturi tu ya hapa, baba."

"Desturi ya kuniona mimi mwongo? Nimeshika silaha kabla wewe hujaota meno. Nimesema haina kitu."

Uso wa Otmar ukamwiva kwa aibu. Mkono ukarudi. Jamani, mkono ule ungesogea shubiri moja tu, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini alijiambia, mzee wa watu hawezi kukosea jambo dogo kama hili, na nikimkagua mbele ya askari, Tasiana nitamwambia nini?

Akataka basi atoke nje, akaijaribie kwenye pipa la mchanga. Akaitazama ile miguu mlangoni. Kuiruka hawezi, na kumwambia mkwe mwenye maumivu "nipishe" hakuthubutu. Akageukia ukuta wa nyuma, ule wa mabanzi, ambao nyuma yake palikuwa na kijia cha kwenda nyumbani kwake.

Akaichunguza. Nyuma ya bastola grisi ilikuwa imechanganyika na vumbi, imeganda kama ukoko wa ugali. Akatia matone ya mafuta ya taa, akagonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, akabonyeza. Tik, hafifu. Akajua ugonjwa: ile pini inayopiga kitako cha risasi ilikuwa inakwama kwenye uchafu, haifiki kwa nguvu. Akafurahi. Alitaka mkwe aone kwamba binti yake hakuolewa na mtu hivi hivi. Akatia mafuta tena, akapuliza, akasubiri yanywee.

"Pini tu hii, baba. Imeshapona."

Akabonyeza.

Mlio ulijaa karakana nzima. Kabla Otmar hajaelewa kilichotokea, alisikia bakuli likianguka nyuma ya ukuta. Aliitupa bastola, akaruka miguu ya mkwe bila kuomba radhi, akazunguka mbio.

Tasiana alikuwa amelala ubavu kijiani, mkono kifuani. Alimtazama mumewe akasema, "Otmar, uji umemwagika." Alikata roho kabla gari la kituo halijawaka. Mzee Batromeo alifika akitambaa, maana mguu ulikataa kumbeba, akamshika mwanawe unyayo, akalia kwa sauti ambayo watu wa Nyarunde hawakupenda kuizungumzia hata miaka baadaye.

Polisi walikuja wakaandika maelezo, wakaondoka. Matangani watu wakasema yanayosemwa: kazi ya Mungu, siku zake zilifika, chuma hakina rafiki. Otmar alikaa pembeni, shuka kichwani, hali chakula. Siku ya tatu mzee akaja akaketi mbele yake, mkeka mmoja.

"Niangalie."

"Siwezi, baba."

"Otmar, niangalie."

Akaondoa shuka. Wakatazamana uso kwa uso, mtu na mkwewe, mbele ya watu wote.

"Ulijua kwamba imo?"

"Sikujua. Lakini nilijua kwamba sijagusa."

"Kwa nini hukuvuta?"

"Niliona haya, baba."

Mzee akatikisa kichwa. "Ungeniita mwongo mbele ya kituo kizima, ningekasirika. Ningenuna mwaka, ningeutukana ukoo wenu hadi kilabuni. Lakini mwanangu angekuwa hai, anatusuluhisha. Haya haiondoi risasi, mwanangu. Hata kiburi changu hakikuiondoa."

Wakashikana, wakalia pamoja. Otmar hakurudi karakana tena. Alikwenda kwao akalima, na hakuoa. Na mzee, kila alipokabidhi silaha mpaka anastaafu, hakuiachia mkononi mwa mtu hadi amwambie, "Vuta. Gusa. Usinionee haya mimi." Askari wakalichukua neno lake, likatoka kituoni likaingia majumbani, leo linasemwa na watu wasiojua hata bastola inashikwaje.

Kolumba, mbona umeinama? Sikukuhadithia ili ulie. Huyo bwana anakuja Jumapili. Mkaribishe, mpe maji ya kunawa, kisha umwulize huku unamtazama machoni. Akikasirika, na akasirike, hasira ya mtu hupoa. Haya, mjukuu wangu, haiondoi risasi.